Tukutane Katikati ya Daraja

Ukiingia sebuleni kwetu Katubuka, mjini Kigoma, kitu cha kwanza utakachokiona si makochi wala televisheni. Ni daraja. Daraja refu, jekundu, lenye minara miwili na nyaya zilizolegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Chini yake bahari, juu yake ukungu. Mume wangu alilinunua bango hilo sokoni Mwanga enzi za ubachela, akalibandika geto kwake. Nilipoolewa nikalikuta. Nikataka kulitoa niweke picha ya harusi, akagoma.

"Mke wangu, hilo nimelizoea," alisema. Basi picha ya harusi ikakaa pembeni, daraja likabaki katikati ya ukuta.

Kwa miaka kadhaa hakuna kati yetu aliyejua linaitwaje. Wageni walibishana. Wengine walisema liko Uingereza, shemeji yangu mmoja akaapa kabisa kwamba ni Dubai na rafiki yake amelipita. Siku moja nikaingia kwenye simu nikalitafuta. Kumbe ni Golden Gate, la San Francisco, Marekani. Nikaendelea kusoma, nikafika kwenye tarehe, nikapiga kelele mpaka mume wangu akatoka bafuni na povu: lilifunguliwa tarehe 27 Mei 1937!

Sisi ndoa yetu ilifungwa Ijumaa, tarehe 27 Mei 2016, baada ya swala, siku chache kabla ya Ramadhani. Si unajua tena kipindi kile, kila mwenye mchumba anakimbizana na mwezi. Tangu tuligundue hilo, kila tarehe 27 Mei nyumbani kwetu kuna sherehe mbili kwa keki moja. Watoto wanaimbia baba na mama, kisha wanageukia ukutani wanaliimbia daraja.

Ninakusimulia haya, mpenzi msomaji, kwa sababu mwaka 2025 sherehe hiyo nusura isiwepo. Na si ya daraja. Yetu.

Siku daraja lilipobonyea

Kwanza nikupe kisa kimoja cha daraja lenyewe, maana ndicho kilichonisafirisha.

Golden Gate ni daraja la kuning'inia. Barabara yake haikukalia nguzo nyingi kama madaraja tuliyoyazoea. Imening'inizwa. Nyaya nyembamba zinaishika barabara na kuipandisha kwenye nyaya kuu mbili. Hizo nyaya kuu zimepita juu ya minara yenye kimo cha mita 227, na ncha zake zimefungwa kwenye nanga nzito nchi kavu, huku na huku. Kila waya mkuu umekusanya nyuzi za chuma 27,572. Kutoka mnara hadi mnara ni mita 1,280, na lilipofunguliwa hakukuwa na daraja jingine duniani lenye nafasi ndefu kama hiyo kati ya minara. Rekodi hiyo lilikaa nayo mpaka mwaka 1964.

Siku ya kwanza ilikuwa ya watembea kwa miguu peke yao. Watu wapatao 200,000 walilipita, magari yakasubiri kesho yake. Lilipotimiza miaka 50, wenyeji wakasema warudie. Tarehe 24 Mei 1987, asubuhi na mapema, wakalifunga kwa magari na kuwaachia watu. Bwana we! Walitoka ng'ambo zote mbili, wakakutana katikati, wakabanana. Inakadiriwa walikuwa 300,000 juu ya daraja kwa wakati mmoja. Hakuna wa kwenda mbele wala wa kurudi nyuma.

Sasa, barabara ya daraja lile kwa kawaida imeinuka kidogo katikati, kama mgongo. Siku ile mgongo ulilala. Katikati ilishuka kama mita mbili, ikawa bapa, na waliokuwa mbali waliliona kwa macho yao. Wengine walipata hofu ya kufa mtu. Lakini wahandisi walieleza kwamba lilikuwa bado ndani ya uwezo wake. Daraja la namna ile limetengenezwa lishuke likielemewa, na linyanyuke likipumzishwa. Watu walipoondoka, mgongo ukarudi. Lilipotimiza miaka 75, mwaka 2012, walifyatua fataki, ila kujazana vile hawakurudia.

Nilipokisoma kisa hicho kwa mara ya kwanza nilicheka tu. Nilikuja kukielewa baadaye, maji yalipoingia Katubuka.

Maji, simu na neno "hatujambo"

Kwa usiyepajua, Katubuka ni kata ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, upande wa uwanja wa ndege. Ni mahali pazuri kuishi. Ndege ikishuka watoto wanatoka nje kuipungia, jioni upepo wa ziwa unafika, na mgebuka wa mwalo wa Kibirizi hauchukui muda kutoka mtumbwini hadi kikaangoni. Lakini kuna bonde, na mvua ikizidi, maji yanatuama hayana pa kwenda. Mvua za mwaka 2024 zililijaza bonde hilo, nyumba zikazingirwa. Yetu haikuzama, ila maji yalifika barazani, kisha yakapita chini ya mlango.

Mume wangu hakuwepo. Tangu mwaka 2021 kazi ilimhamishia Tabora. Tulikubaliana mimi nibaki na watoto wawili na ajira yangu, yeye awe anakuja mwisho wa mwezi. Mwanzoni alikuja kila mwisho wa mwezi. Halafu ikawa kila baada ya miezi miwili. Halafu ikawa sikukuu.

Usiku ule wa maji nilipandisha magodoro juu ya meza, nikawabeba watoto mmoja mgongoni mmoja ubavuni mpaka kwa jirani. Niliporudi kuokoa vyeti vyangu, nikaliona lile bango limelowa pembe ya chini, rangi nyekundu inachuruzika ukutani. Simu ikaita.

"Nasikia huko mvua kubwa. Mko sawa?"

"Hatujambo," nikasema. "Ni mvua tu."

"Basi kesho natuma hela kidogo."

Akatuma. Mwenzangu, nilizitazama zile hela nikalia. Nilimchukia kwa kutokuja, na wakati huohuo sikuwa nimemwambia aje. Kuanzia hapo, kila akiuliza nilijibu "hatujambo", na kila nilipojibu hivyo nilimwongezea deni moyoni mwangu asilolijua. Ulipofika Mei 2025 tulikuwa tunaongea ada, unga na umeme. Basi. Tarehe 27 ilipokaribia aliniandikia ujumbe kwamba hatapata ruhusa katikati ya wiki. Niliketi sebuleni nikilitazama lile bango lenye doa, nikakumbuka wale watu waliotoka ng'ambo mbili. Nikamjibu: "Usije Kigoma. Na mimi siji Tabora. Jumamosi tarehe 31, tukutane Malagarasi, katikati ya daraja."

Alikaa kimya mpaka saa nne usiku. Kisha akajibu neno moja: "Sawa."

Safari ya kulifuata daraja letu

Kigoma hatuna daraja la kuning'inia la kutangaza duniani. Lakini tuna Daraja la Kikwete, kwenye Mto Malagarasi, wilayani Uvinza. Lina urefu wa mita 275, na lilijengwa wakati wa Rais Jakaya Kikwete kwa mkopo wa Korea Kusini. Halina minara, halina nyaya, na hakuna anayeuza bango lake. Ila muulize mtu wa Kigoma aliyekuwa akisafiri zamani kwenda Tabora, atakwambia lina maana gani. Tangu reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, tegemeo letu lilikuwa treni. Kwa gari watu wengi walizunguka kaskazini, Kasulu, Kibondo mpaka Nyakanazi, ndipo wageukie wanakokwenda. Nyanya yangu alikuwa akisema Tabora ni karibu kwa treni na mbali kwa gari.

Watoto niliwapeleka Ujiji kwa bibi yao. Mama mkwe hakuuliza mengi. Alinitazama usoni, akaniwekea kwenye kikapu chapati na mgebuka wa kukaanga vipande vinne.

"Viwili vyako, viwili vyake," alisema. "Msile kabla hamjasalimiana vizuri."

Alfajiri nikapanda basi la Tabora. Kutoka Kigoma hadi Uvinza ni kama kilomita 100. Jua linakukuta kwenye vilima, michikichi inakupisha, na polepole unaliacha joto la ziwa. Uvinza ni mji wa chumvi. Chemchemi zake za maji ya chumvi zilijulikana zamani sana kabla ya reli na kabla ya Wajerumani, na chumvi hiyo ilisafiri mbali ikibadilishwa na bidhaa nyingine. Nilinunua mfuko mmoja, basi tu. Mtu ukiwa na hofu unanunua vitu.

Baada ya Uvinza unaingia kipande cha Malagarasi, kilomita 50 na kitu, barabara iliyowatesa madereva kwa miaka. Ni miombo pande zote, mizinga ya nyuki juu ya miti, mara moja moja mtoto na ng'ombe. Nikajaribu kupiga simu. Mtandao hakuna. Ndipo nikafikiria kitu ambacho sikukifikiria kabla: je, asipokuja?

Saa moja na nusu

Konda alinishusha karibu na daraja akiniangalia kwa wasiwasi. "Dada, hapa unamsubiri nani?"

"Mume wangu."

"Anatoka wapi?"

"Tabora."

"Haya, Mungu awakutanishe."

Nikatembea mpaka katikati, nikasimama pembeni karibu na kingo. Mto Malagarasi ndio wenye bonde kubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Tanganyika, na mwisho wa Mei, mvua zimekwisha juzijuzi, bado umenona. Maji ya kahawia, mapana, hayana haraka. Huko mbele, kwenye mdomo wake ziwani, ndiko Wajerumani walikoizamisha meli yao mwaka 1916 isichukuliwe na adui. Waliipaka mashine grisi kabla ya kuizamisha, kama watu wanaokusudia kurudi. Hawakurudi wao. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Watu wa Kigoma tunaijua hadithi hiyo tangu utotoni.

Dakika thelathini. Lori likapita, nikausikia mtetemo miguuni. Dakika sitini. Mzee mmoja mwenye baiskeli akanisalimia, akaniuliza kama nina tatizo, nikamjibu kwa mazoea, "Hapana mzee, sijambo." Nikajisikia nikilisema. Lilelile neno. Mtu mgeni, barabarani, ana moyo wa kunisaidia, na mimi namfungia mlango kwa adabu.

Saa moja na nusu ilipokaribia, bodaboda ikatokea ng'ambo ya Tabora. Abiria akashuka mwanzoni mwa daraja, akalipa, akaanza kutembea kuja kwangu. Shati la bluu la sikukuu. Mkononi ana dumu dogo la asali. Basi lake lilipata pancha, mtandao hakuna, kipande cha mwisho akaamua kuchukua pikipiki.

Hatukukumbatiana kama kwenye filamu. Tulisimama.

"Umengoja sana?"

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, nikalimeza. "Nimengoja sana," nikasema. "Na nilikungoja mwaka jana wote."

Yote yakatoka hapo. Magodoro juu ya meza, mtoto mgongoni, maji ya baridi, vyeti, bango, hela. Alinisikiliza ameinamia mto. Nilipomaliza akasema, "Nilikuuliza, ukaniambia hamjambo."

"Na wewe ukaniamini?"

Akanyamaza kidogo. "Nilitaka kukuamini. Ningejua, ningejiona si mwanaume, niko huku nakunywa chai na nyumba yangu imezama." Halafu akaniambia na yake. Kwamba alipunguza kuja kwa sababu kila akija anajiona mgeni, watoto wanamwomba ruhusa mama hata kama yeye amekaa hapohapo, na mimi naendesha kila kitu bila kumhitaji. "Nikajua mambo yako sawa bila mimi."

Nikamkumbusha kisa cha 1987. Alikuwa anakijua, ila hakukiwazia hivyo. Daraja lile lilipoelemewa lilionyesha. Lilishuka mita mbili, dunia nzima ikaona, na hakuna aliyelitukana kwamba ni dhaifu. Sisi wawili tulikuwa tunabeba mzigo wa watu 300,000 huku kila mmoja ameunyoosha mgongo, ili mwenzake asione. Halafu tunashangaa kwa nini mwenzetu haji kutupunguzia.

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo unataka tubonyee?"

"Nataka tuonekane tukibonyea."

Jina lililochelewa

Tulikula samaki wa mama yake chini ya mti, mwisho wa daraja. Akanihadithia jambo ambalo mimi nililiruka niliposoma. Mhandisi mkuu wa Golden Gate, Joseph Strauss, ndiye aliyesifiwa. Lakini mahesabu mazito yalifanywa na mwingine, Charles Ellis, ambaye aliondolewa kazini kabla ujenzi haujaanza, na jina lake likaachwa nje. Kibao cha kumtambua kiliwekwa mwaka 2012, miaka 75 baada ya daraja kufunguliwa, yeye akiwa marehemu zamani.

"Sitaki uwe Ellis wa nyumba yangu," alisema. Wengine wanapewa maua. Mimi nilipewa hayo, na asali ya Tabora, na nilitosheka.

Tukapanga ya kupangika. Yeye ataandika barua kuomba kurudishwa Kigoma. Isipojibiwa kabla shule hazijafungua Januari, mimi na watoto tutahamia Tabora, hata kama kwangu itamaanisha kuanza kazi upya. Na kwenye simu, "hatujambo" ni marufuku mpaka kwanza mtu aseme kilichomwelemea siku hiyo. Hata kama ni mtungi wa gesi umeisha.

Kabla ya kuachana alinionyesha maji. "Unajua yanakwenda wapi?" Nikasema ziwani. "Na kutoka ziwani?" Hapo nikakwama. Akaniambia: yanaingia Tanganyika, yanatokea ng'ambo, Kalemie, kwa Mto Lukuga, yanaungana na Mto Kongo, yanazunguka nchi nzima ile, na karibu na bahari yanapita Matadi. Na Matadi kuna daraja la kuning'inia, la kweli, lenye minara na nyaya, nafasi ya mita 520, lililokamilika mwaka 1983 kwa msaada wa Wajapani. Kwa miaka mingi lilikuwa kubwa kuliko yote ya aina yake Afrika, mpaka Msumbiji walipofungua la Maputo na Katembe mwaka 2018, lenye mita 680.

"Kwa hiyo maji haya yanakwenda kuliona daraja letu la ukutani," nikasema.

"Ndugu yake," alinisahihisha.

Yeye akarudi ng'ambo ya Tabora, mimi ng'ambo ya Uvinza. Mara hii niligeuka nyuma, na yeye alikuwa amegeuka. Barua ameiandika. Majibu bado. Ila simu zetu siku hizi zinaanza na malalamiko, na kwa kweli sijawahi kufurahia malalamiko kiasi hiki. Bango bado liko ukutani na doa lake. Mtoto mdogo anauliza kwa nini daraja linalia, baba yake anamwambia kwenye simu kwamba halilii, linapumzika.

Ukitaka kwenda na mwenzi wako

Chagua kiangazi, Juni hadi Septemba, barabara ni kavu na mto bado unapendeza. Mabasi ya Kigoma na Tabora huondoka alfajiri, kwa hiyo kata tiketi siku moja kabla. Beba chakula na maji, kisha mpange saa ya kukutana kabla hamjaondoka, maana mtandao njiani ni wa kubahatisha. Darajani tembea pembeni, angalia malori, na uliza kwanza kabla ya kupiga picha. Mkirudi Kigoma, jioni moja iwe ya Kibirizi mitumbwi ikitoka kuvua, nyingine ya Ujiji, penye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana hapo mwaka 1871. Hata wao, mmoja hakujua kama kuna anayekuja.

Na kama mnaishi mbali kama sisi, msibishane nani aende kwa nani. Tafuteni daraja lililo katikati. Fikeni wote. Kisha semeni kilicho kizito.